Mtego Niliokata kwa Mama Naserian

Leo nimejiaibisha mbele ya watu na mbuzi.

Mnajua kikundi chetu cha kutembea porini. Mwaka mzima tumeomba kupita shamba la Mama Naserian, kule nyuma ya Isinya. Bila ruhusa yake hakuna njia ya kushuka bondeni, na wale tai wanaokaa huko tutabaki kuwasikia kwa watu tu. Leo ndio alituita chai atupe jibu.

Mimi nikafika mapema. (Kiherehere, nakubali.) Kuzunguka nyuma ya boma, nikaona pengo kwenye ua wa miiba, limezibwa na matawi. Hapo kando, kitanzi cha waya. Mtego! Sisi huondoa mitego kila tukitembea, swala wanaumia sana huku. Nikatoa plaisi, nikaukata. Kap! Waya mfukoni, roho safi kabisa.

Wenzangu wakafika, tukakaa. "Takwenya, yeyo," tukamsalimia mama kwa Kimaasai. "Iko," akajibu, akatumiminia chai. Mwenyekiti wetu, Mutuku, akaanza kuomba polepole, kwa heshima. Nikaona anachelewa. Nikasimama.

"Yeyo, sisi ni watu wa kulinda wanyama. Hata leo nimewaokoa hapa kwako!" Nikainua waya juu. "Kuna mtu mbaya anatega kwa ua wako."

Mama akaangalia waya. Akapuliza chai, akanywa kidogo.

"Hiyo nilifunga mimi," akasema. "Asubuhi."

"Kwani wewe unatega swala?" (Ndiyo, niliuliza. Ulimi huu!)

"Nafunga mlango ya watoto ya mbuzi."

Kugeuka, hao! Wamejaa kwa sukuma wiki yake, wanakula kama wameajiriwa. Mmoja anatafuna kofia ya Mutuku. Woi! Tuliwakimbiza boma nzima. Hapo ndipo roho iliniuma. Nilijua nimewanyima wenzangu bonde.

Mbuzi wa mwisho alipoingia, Mama alikuwa amecheka mpaka anajifuta machozi na shuka.

"Mtapita," akasema, akaninyooshea kidole. "Lakini huyu leo haendi. Mzee wangu ameenda soko, ndiye ataleta waya ingine."

Wenzangu wakashuka kuona tai. Mimi nikabaki nimeshika lile lango la matawi kwa mikono miwili mpaka saa kumi.

Kwa hivyo mtu akiwauliza nafanya kazi gani kwa hiki kikundi, mwambieni tu: yeye ni kufuli.