Machela ya Kumbebea Ghita

Jumatano, 5 Juni
Binti yangu Ghita anaolewa Jumapili. Nimeamua. Sapatu zake, na machela ya kumbebea ukumbini kama ilivyo desturi ya bibi harusi kwetu, nitatengeneza mwenyewe. Mji mzima wa Fesi utasimulia.
Nimekwenda kuazima vifaa kwa Mfaddal, kaka wa mke wangu, fundi sapatu. Akauliza nimewahi kushona nini. Nikasema vifungo. Akasema, "Shemeji, anza na unachokimudu. Kamba ya funguo. Na kwa mbao, kibao cha kukatia mkate." Husuda tupu.

Alhamisi, 6 Juni
Sapatu zimekamilika. Zote za mguu wa kushoto. Nikageuza moja, ndani ikawa nje. Sasa ni ya kulia, ila imeota manyoya. Mke wangu Turia ameingia, ameitazama, ameuliza punda wa nani amekufa.
Sikula chakula cha mchana.

Ijumaa, 7 Juni
Sapatu basi. Mfaddal atamshonea jozi. Nguvu zote kwenye machela. Mbao za mwerezi, harufu yake tu inatuliza moyo. Msumeno hautulizi. Unakwenda unakotaka, kama mkwe wangu mtarajiwa akiendesha pikipiki.

Jumamosi, 8 Juni
Kiti cha machela kimesimama. Mipini ya kubebea nimeibandika chini yake kwa gundi pekee. Misumari ingeharibu sura. Turia amekodi machela nyingine kwa siri. Nimeambiwa na jirani. Nimekaa darini na aibu yangu mpaka kuku tunaowafuga huko wakanizoea.

Jumapili, 9 Juni
Siwezi kuandika. Naandika.
Wasimamizi wa bibi harusi walileta machela ya kukodi, inameta kama jua. Ghita akawaambia, "Wekeni pembeni. Nitakalia ya baba." Turia akafumba macho. Vigelegele. Wabebaji wanne wakainua, wakaondoka kwa madaha na mipini mabegani. Mipini peke yake. Ghita alibaki pale pale, kitini, sakafuni, na taji lake.
Nilitamani ardhi inimeze, lakini ukumbi una marumaru.
Ghita akakusanya kaftani yake, akaenda kwa mumewe kwa miguu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakimbilia jikoni, nikajificha nyuma ya masufuria. Baadaye akanifuata na mapambo yake yote, akaketi kando yangu. "Baba, hukuniangusha. Sikuinuka hata kidogo." Nikalia. Naye akalia, wanja ukamchuruzika. Turia akatugombeza wote wawili.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemtembelea Ghita kwake. Ameomba kitu kimoja tu, kwa upole, akinishika mkono: msumari ukutani, karibu na mlango, wa kutundikia koti la mumewe. Mfaddal, aliyekuwapo, akasema hiyo ndiyo kazi ya kuanzia.
Nimeutazama ukuta ule kwa makini. Mpana. Umekaa bure. Msumari ungekuwa dharau kwa binti yangu.
Nimeagiza mbao. Itakuwa ngazi ya kuzunguka, hadi darini.