Nafasi Moja Tupu

Fomu za ardhi zilitolewa bure dirisha la tatu la ofisi ya ardhi. Wakili aliziuza nje, chini ya mwavuli, na hakuna aliyewahi kumuuliza sheria alisomea wapi. Tai ilitosha.

Asubuhi hiyo mteja mmoja, mtu mzima aliyezoea kukubaliwa, alimnong'oneza shida yake. Kaka yake alifariki, shamba likabaki kwa mjane. Mafuriko ya mwaka juzi yakauhamisha mto na kuacha tope jeusi pale pale kwa mjane. Tangu hapo mvua imegoma, mashamba mengine yote ya ukoo yamekauka, na kijani kiko kwa shemeji yake peke yake.

"Mwanamke na shamba wapi na wapi," alisema. "Tena ana binti tu."

Wakili alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Tia sahihi hapa, mkuu, mbele ya karani, kwamba familia imeridhia. Nafasi ya mmiliki tuiache tupu. Nitaijaza mjane akishaweka dole gumba."

Mteja alitia sahihi. Jina ambalo Wakili alikusudia kulijaza lilikuwa lake mwenyewe. Tusimlaumu mapema, naye alikuwa na ndoto za kulima, hasa kwa mikono ya wengine.

Alimkuta mjane uani, akichambua mbegu na bintiye. Wakili alijitambulisha kuwa ametoka kwenye mradi wa mbegu zinazohimili ukame. Mama aliipokea fomu, akaishika juu chini, akaitazama kwa makini sana. Roho ya Wakili ikatulia kabisa.

"Niweke dole wapi, mwanangu?"

"Hapa tu, mama."

"Haya. Ila hapa kwetu, tangu mto uhame, hatuweki dole popote kabla mgeni hajatembezwa mpakani na majirani. Fomu na mkoba niachie, mtavuka maji."

Aliviacha bila wasiwasi. Majirani sita, wote wanawake, walimzungusha juani wakimwonyesha kila jiwe na kila kisiki, naye akivichomoa viatu vyake vilivyochongoka kutoka kwenye tope. Mahindi yalimfika kifuani. Moyoni alishachagua pa kujenga.

Aliporudi, fomu haikuwepo, binti hakuwepo, baiskeli haikuwepo.

"Mwanangu amekupunguzia safari," alisema mama. "Amewahi dirisha la tatu. Dole nimeweka, na ile nafasi tupu tumejaza jina langu na lake. Miaka miwili nimemwomba shemeji sahihi hiyo, akaninyima. Tangu nimzike mume wangu nalala na hofu ya kufukuzwa. Mungu akubariki."

Wakili alitafuta mahali pa kukaa. "Mama, kumbe unajua kusoma?"

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita."

"Sasa mbona karatasi uliishika juu chini?"

"Mwalimu husimama mbele ya dawati, mwanangu. Madaftari ya watoto wote nimeyasoma hivyo."

Majirani walimletea maji ya kunawa miguu. Simu yake ikaita. Alikuwa mteja.

"Vipi, Wakili? Jina limeshaandikwa?"

Wakili alimwaga tope lililokuwa kwenye kiatu cha kushoto, akakitazama.

"Limeandikwa, mkuu," alisema. "Shamba limebaki kwenye familia."