Bwana Mitambo na Skrini Iliyogoma

Pale ofisini kwetu palikuwa na mtu ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, kompyuta zikimwona zinasimama wima kwa heshima! Tulimwita Bwana Mitambo. Jina alijipa mwenyewe. Sisi tulilikubali tu ili tufanye kazi kwa amani.

"Mimi na waya ni ndugu wa damu," alikuwa akisema huku akipandisha suruali. "Mke wangu ana duka la kutengeneza kompyuta, sawa. Lakini nani aliyemfundisha? Mimi hapa!"

Mkurugenzi wetu, mama mpole asiyependa maneno mengi, alimwamini. Alikuwa anatafuta mkuu wa kitengo cha mitambo, na barua ya uteuzi alishaiandika. Alipanga kumkabidhi mbele ya wageni. Kazi yetu ni kuchora majengo, na wageni hao walikuwa wanakuja kuamua kama hospitali yao mpya tutaichora sisi ama wengine.

Basi asubuhi hiyo Mitambo akaingia chumba cha mikutano kukagua. Mezani palikuwa na doki, kile kiboksi cheusi kinachopokea laptop upande mmoja na kupeleka picha kwenye skrini kubwa ya ukutani upande wa pili. Kilikuwa hakijamsumbua mtu mwaka mzima. Hilo ndilo lililomkera!

"Huu waya gani mnene kama bomba la maji?" akasema, akiushika ule unaounganisha laptop na doki. Akauchomoa, akautupa kabatini, na mahali pake akachomeka kiwaya chake cheupe cha kuchajia simu. "Kitu cha kisasa kinatakiwa kiwe chembamba!"

Wageni wakaketi. Mitambo akasimama mbele, kifua mbele zaidi.

Akasukuma kipanya. Kwenye skrini, kishale kikatulia kwanza, kikatafakari, kisha kikajikongoja kama mtu anayetafuta miwani gizani. Akafungua ukurasa wa kwanza, haukuja. Akafungua wa pili, ukaja wa kwanza. Yeye ameshafika ndani ya hospitali, skrini bado iko nje getini!

"Na hapa," akatangaza bila kugeuka nyuma, "ndipo mgonjwa atakapofanyiwa upasuaji."

Wageni wakatazama. Yalikuwa maegesho ya magari.

"Atapasuliwa ndani ya gari au kando yake?" akauliza daktari mmoja.

Kabla hajajibiwa, skrini ikazima. Ikawaka. Ikazima tena, safari hii kwa moyo wote.

"Msiwe na wasiwasi, inapumua tu," Mitambo akasema. Akaipiga doki kofi la upole. Akaizima laptop, akaiwasha. Wapi! Akaamuru watu wazime simu, eti zinaisumbua. Wakazima. Akamhamisha mhasibu kiti, eti amekaa kwenye njia ya picha. Mhasibu akahama akinung'unika. Kiza kile kile!

Mkurugenzi akaitazama saa yake. Jasho likaanza kumtiririka Mitambo mpaka ndani ya kola.

"Sasa naingia ndani kabisa ya mfumo," akasema, akaketi na kujificha nyuma ya laptop. "Hapa pana hesabu nzito. Mtu asinisemeshe!"

Vidole vikaanza kukimbia. Uso umekunjamana, midomo inatikisika. Wageni wakamtazama kwa heshima, kana kwamba wako mbele ya mtu anayezungumza na satelaiti.

Baada ya dakika chache akaruka, akakimbilia kabatini, akautoa ule waya mnene, akakichomoa kile cheupe na kuuchomeka mahali pake. Kisha akawageukia wageni, mikono ameitanua.

"Mabibi na mabwana! Hivi ndivyo mtaalamu anavyofanya!"

Nyuma yake, skrini ikawaka. Safi! Angavu! Herufi kubwa kama za bango la barabarani! Lakini haikuwa michoro. Yalikuwa mazungumzo yake na mkewe:

"Mke wangu, niokoe. Skrini inachelewa halafu inazima."

"Umetumia waya gani?"

"Wa simu."

"Baba wee! Huo haubebi picha kubwa. Rudisha ule uliokuja na doki. Niliwahi kukwambia."

"Nimesahau. Usimwambie mtu."

Chumba kizima kikasoma. Mhasibu alisoma mara mbili, kwa raha zake. Mitambo, aliyedhani wanatabasamu kwa kumstaajabia, akainama kidogo kuwashukuru.

Papo hapo ujumbe mpya ukaingia kwa mlio: "Imewaka? Basi usianze kujifanya umejua mwenyewe!"

Kicheko kilichopasuka nadhani kilisikika mpaka mapokezi. Mitambo akageuka, akaona. Mkurugenzi akaitoa barua ya uteuzi mkobani, akaitazama, akaikunja mara nne, akairudisha.

"Mama wa watu anasubiri," akasema kwa upole. "Mjibu."

Ikabidi ajibu. Kwa kidole kimoja, wageni wakifuatilia herufi baada ya herufi: "I-m-e-w-a-k-a. A-s-a-n-t-e."

Jibu halikukawia.

"Haya. Na ile pasi uliyoitengeneza leo asubuhi imezima umeme mtaa mzima. Majirani wako hapa mlangoni, wanamuulizia fundi!"