Ruta Iliyo Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Imekatika tena! Nilikuwa namwonyesha Murtadha rangi ya asali, picha ikaganda, kisha giza. Murtadha yuko Maskati. Babu yake alizaliwa hapa Tabora, naye anataka asali ya misitu ya Tura, ila hanunui mpaka aione ikimiminwa mbele ya macho yake. Kamera ya simu yangu ilipasuka. Kwa hiyo ni kompyuta tu.

Tumepanga tena Ijumaa, saa kumi alasiri. Najiat, mke wangu, ameshatoa hukumu: huyu asiponunua, naingia dukani kwa kaka yake kupima misumari. Mimi! Mtu mwenye mipango!

Kaka mwenyewe ni Nasri. Tunaishi nyumba moja, ya mama yao, hapa Ipuli. Kompyuta yake iko sebuleni, yangu chumba cha uani, intaneti ni moja. Ruta, kile kisanduku kinachoigawa, iko chumbani kwa Mama Mkwe, maana dirisha lake ndilo linalotazama mnara. Nyaya mbili zinatokea chini ya mlango wake: wa bluu unakwenda kwa Nasri, wa kijivu unakuja kwangu. Mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo ruta yenyewe sijawahi kuiona.

Nimemuuliza Nasri kama na kwake imekatika. Kasema kwake haijawahi kukatika hata siku moja. Kasema hivyo huku anavua kofia, ndiyo kwanza anarudi msikitini. Tabasamu lake silipendi.

Jumanne, 15 Julai

Nimewaza sana. Waya wa bluu mzima, wa kijivu mbovu. Nani alizinunua? Nasri. Basi!

Adhuhuri Nasri katoka kwenda kuswali. Mimi nikaaga kwamba naenda msikiti wa mbali, nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa uani. Swala nitailipa, Mungu anajua nina mteja. Nikabadilisha nyaya ukumbini. Nikachomeka wa bluu kwangu: kimya. Umekufa kabisa! Baadaye kidogo ukafufuka wenyewe.

Nasri karudi, kakaa na waya wangu mbovu, akaagiza mabati yake kama kawaida. Hajagundua kitu. Usiku nikazirudisha kila moja mahali pake. Kwa hiyo nyaya hazina kosa. Kosa ni la mtu.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimekwenda kwa adabu. Nimesimama ukumbini, nikakohoa, nikasema shikamoo Mama. Marahaba ikatoka nyuma ya pazia. Mambo ya chumbani kwake siwezi kumuuliza mwenyewe, kwa hiyo nikamwambia Najiat, Najiat akamwambia mama yake, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikiana. Jibu likarudi kwa njia ile ile: taa zote za kijani, anaifuta vumbi kila asubuhi, na ameifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nikaushukuru mlango.

Nilitaka nitaje saa inazokatika. Nikajiuma ulimi. Saa hizo, kwa wanavyojua watu wa nyumba hii, mimi niko safu ya mbele msikitini.

Na hapo ndipo nilipomwelewa Nasri. Mjanja! Anachagua saa ambazo siwezi kulalamika.

Alhamisi, 17 Julai

Dawa ya moto ni moto. Nimeukata waya wa bluu kwa kisu, nikautafunatafuna mwisho wake uonekane kazi ya panya. Ladha mbaya sana. Nasri kanishukuru kwa kumwarifu, kaniambia niuangalie na wangu nisije nikapata hasara, kabeba kompyuta yake kwenda dukani. Najiat kasema tangu paka aletwe panya hawajaonekana. Akanitazama meno.

Alasiri imekatika! Na Nasri yuko dukani! Kumbe anakata akiwa mbali. Sikujua shemeji yangu ana elimu kiasi hicho.

Ijumaa, 18 Julai

Saa kumi. Murtadha kajaa kwenye kioo. Nimemimina asali kutoka kijiko hadi kijiko, ikateremka bila kukatika. Kameza mate, nimemwona. Akauliza bei. Nikafungua mdomo. Msikiti wa jirani ukaadhini. Giza!

Nikasahau adabu zote nilizolelewa nazo. Nikakimbia ukumbini, nikasukuma mlango wa Mama Mkwe.

Yuko juu ya mswala. Plagi ya ruta iko sakafuni pembeni yake, imechomolewa na kuzungushiwa waya wake vizuri. Alikuwa bado hajaanza kuswali. Akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, nikatoka kinyumenyume.

Baadaye Najiat kaleta maneno. Enzi za marehemu baba yao, adhana ikilia redio inazimwa. Ikaja televisheni, nayo ikawa inazimwa. Sasa Mama anaizima hii. Wanaume wote wako msikitini, itamkatikia nani? Najiat akalirudia swali polepole: itamkatikia nani, Darwesh?

Nimeona aibu ya kweli. Chakula cha usiku sikula.

Jumamosi, 19 Julai

Ujumbe wa Murtadha! Kasema aliisikia adhana, akaniona natoweka papo hapo, hata bei sikutaja. Mfanyabiashara wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Anachukua madumu yote! Bei tuelewane Jumatatu, saa ile ile.

Najiat kasema nimwambie ukweli. Nitamwambia. Akishanunua.

Mpango: nataja bei ya juu, adhana inalia, Mama anachomoa, natoweka. Nani atathubutu kubishana na mtu aliyekwenda kuswali?

Jumatatu, 21 Julai

Nimetaja bei. Adhana ikaanza. Nikakaa kusubiri giza.

Giza halikuja. Murtadha ananitazama, namtazama. Nikatabasamu. Nikachukua karanga moja, mikono ipate kazi. Akaniuliza kwa upole kama siendi. Nikamwambia mtandao utakatika sasa hivi. Akasema kwake unaonekana safi kabisa. Tukatazamana hivyo hivyo mpaka adhana ikaisha. Akazima yeye.

Najiat kaeleza. Mama kanionea huruma, kaapa hatachomoa tena, mkwewe asije akaharibikiwa riziki. Hata kitambaa kakiondoa, ruta ipate hewa. Nikaushukuru tena mlango wake. Kisha nikakasirika: wiki nzima anachomoa, siku ninayomhitaji anaacha!

Kesho naanza dukani. Nasri kanipokea bila kejeli hata moja, jambo linaloniuma zaidi. Kasema wakati wa swala wanafunga duka, wanakwenda wote pamoja. Nimeshamwambia goti linanisumbua, na kwamba mtu mmoja lazima abaki kuangalia kompyuta.