Miche ya Kisera ya Bwana Machogu

Serikali ya kaunti ilitangaza, kwa fahari na vipaza sauti vinne, kwamba omotembe hautatoweka tena. Mti huo wa miiba na maua mekundu ulikuwa umebaki mmoja tu Ikonge nzima, ukingoni mwa shamba la chai la Mama Drusilla. Bwana Machogu, Kaimu Mkurugenzi wa Miti ya Asili, alikuwa ameshaunda Kamati ya Kuuokoa, pamoja na Kamati Ndogo ya Kivuli Chake.

Machogu alitaka jambo moja maishani: neno "Kaimu" liondoke mlangoni pake. Waziri wa kaunti angeliondoa siku hiyo, chini ya mti wenyewe, akishasikia ripoti. Na ripoti ilikuwa tamu: miche elfu kumi ya omotembe tayari imepandwa milimani.

"Milima gani?" akauliza Mama Drusilla, makofi hayajatulia. "Mbona sisi tunaoishi huko hatujauona hata mmoja?"

"Imepandwa kisera, mama," Machogu akamweleza kwa upole wa msomi. "Mkakati umekamilika. Kilichobaki ni udongo."

Waziri aliridhika. Hakuwahi kuelezewa udongo vizuri namna hiyo.

"Haya, mwanangu," Mama Drusilla akamwambia Machogu. "Shika mti, useme hivyo hivyo."

Kila Mkisii pale alijua: ukiushika omotembe ukaapa uongo, laana haikuachi wewe wala nyumba yako. Machogu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na mambo hayo hakuyaamini hata chembe. Akautazama mkono wake. Mkono haukuwa Msabato.

"Miiba hunidhuru," akasema.

"Chukua glavu, mkubwa!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ama hata glavu inaogopa?"

"Kiitifaki," Machogu akasema huku jasho likimtiririka, "Mheshimiwa ndiye hutangulia."

Mheshimiwa akakumbuka ghafla kwamba ana mazishi Nyacheki. Ya nani, hakukumbuka.

Wiki haikuisha kabla ya waraka kutoka, umetiwa sahihi na Machogu mwenyewe: kwa usalama wa mti, ni marufuku afisa yeyote kuukaribia omotembe, wala kuung'oa, popote utakapoota.

Mama Drusilla alisomewa waraka huo mara mbili, akaupenda. Mvua ziliponyesha akakata matawi, akawagawia majirani. Omotembe hauna makuu: unachomeka tawi ardhini, linashika. Wakachomeka kwenye lango la chifu. Wakachomeka penye ofisi ya ushuru. Kwenye ofisi ya Machogu wakachomeka kushoto na kulia kwa mlango.

Leo maua mekundu yamejaa kila penye bendera, na kaunti imesifiwa kwa kuvuka malengo. Machogu amethibitishwa kazini. "Kaimu" limefutwa mlangoni, ingawa yeye hajapata kuliona pengo lake, kwa kuwa huingilia dirisha la nyuma, mkoba ukitangulia.

Na juzi Mama Drusilla alionekana nyuma ya ofisi hiyo, tawi mkononi, akilitazama dirisha.