Mkono Usiopanda

Jumapili, 24 Machi

Shehe Hmida, mwalimu wetu wa gitaa, anakufa. Kasba nzima, mji wetu wa kale, inajua. Daktari kamrudisha nyumbani. Leo alituita kando ya kitanda, mimi na Mokrane mwoka mikate. Kasema gitaa lake halirithiwi kwa maiti, hukabidhiwa mkono kwa mkono. Atalipata atakayempigia ule utangulizi wake wa kale, muziki wa kufungulia nyimbo, bila mkono kukwama kwenye nyuzi: shuka, panda, shuka, panda. Akanigeukia.

"Rabie, mwanangu, mkono wako unashuka tu. Miaka kumi na tisa unashuka! Hujafika chini bado?"

Mokrane alicheka mpaka akapaliwa. Mshenzi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefunga duka langu la kunyoa, nimefanya mazoezi. Kipande cha kupigia nyuzi nimekikata kwenye chupa ya shampuu. Kushuka, safi. Kupanda, kinanasa kwenye uzi kama shati kwenye msumari. Saa mbili nzima! Mteja mlangoni akauliza namchinja nani humo ndani.

Ni njaa ya saumu tu. Kisha nikamsikia Mokrane juu ya paa lake, anapoteza muda hadi futari. Noti zinamwagika kama dengu sufuriani. Namchukia. Hapo likanijia wazo. Simu yangu inarekodi!

Jumanne, 26 Machi

Nimejificha nyuma ya mashuka ya jirani, nimemrekodi Mokrane mwanzo hadi mwisho. Sikurudia kusikiliza. Kazi safi haikaguliwi.

Jumatano, 27 Machi

Aibu! Nilimwambia Lalla Ouardia, mke wa shehe, kwamba naona haya, nitapigia uani, nyuma ya pazia, dirisha la mgonjwa likiwa wazi. Spika mapajani, gitaa juu yake. Nikabonyeza.

Wanawake wakaacha kumenya karoti. Nikamsikia shehe analia. Nikalia na mimi. Nilikaribia kuamini ni mkono wangu. Utangulizi ukaisha, na kabla sijaipata batani, mapajani mwangu pakatoka: Allahu Akbar! Adhana ya magharibi. Ya jana!

Nyumba nzima, familia kumi na moja, tende mdomoni. Mtu keshamaliza bakuli la supu. Jua bado linawaka ukutani.

Lalla Ouardia, tende shavuni, akauliza, "Rabie, hiyo adhana imetoka kwenye suruali yako?"

Alhamisi, 28 Machi

Familia kumi na moja zina siku ya kulipa kwa ajili yangu. Hakuna anayeitikia salamu yangu. Shehe peke yake kaniita. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa maumivu. Kisha akasema sasa nimpigie mwenyewe, vibaya hivyo hivyo. Shuka moja, panda moja. Kaningoja miaka kumi na tisa, hashindwi na dakika tano.

Nikasema uzi umekatika. Akazitazama nyuzi sita, zote nzima. Nikasema kesho, shehe. Akasema haya, kesho.

Ijumaa, 29 Machi

Kafariki alfajiri. Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa. Dakika tano aliniomba, nikamnyima. Nimelia mbele za watu, na Mokrane ndiye aliyenishika bega.

Jumamosi, 13 Aprili

Idi imepita. Leo Lalla Ouardia kaniletea gitaa. Shehe alimkabidhi mkononi Alhamisi ile, nilipotoka. Alisema Mokrane hana haja nalo. Apewe Rabie, huenda likamlazimisha. Mwezi ujao anaolewa mjukuu wao, na Lalla Ouardia anataka nipige utangulizi ule kwa gitaa hilihili. Nikaapa mbele yake, kwa machozi ya kweli.

Alasiri kaja Mokrane. Kasema atanifundisha kila siku, bure. "Ni mkono tu, kaka. Utapanda." Nikamshukuru, nikamwambia kifundo cha mkono kinauma.

Gitaa nimelitundika juu ya kioo. Simu nimeichaji. Kosa langu nimeshalijua: safari hii nitazima kabla ya magharibi.