Pilau Mbili, Kachumbari Mbili

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimeitwa kwenye usaili wa chuo hapa Maskati. Alhamisi asubuhi. Uhandisi na sayansi kwa pamoja, shahada mbili kwa mkupuo mmoja, miaka mitano. Nyumba nzima imefurahi. Isipokuwa mimi.

Watu watadhani nina uchu wa elimu. Laiti! Nina tatizo la ulimi. Baba alitaka niwe mhandisi kama yeye, nikajibu hewala. Bibi Masouda, mama yake Baba, alisomesha sayansi Unguja enzi zake. Akaniambia, "Nnataka nikuone na koti jeupe mjukuu wangu, basi." Nikajibu hewala. Kwetu mkubwa akisema, mdogo hujibu hewala. Hakuna aliyenifundisha jibu la pili.

Kwa hiyo nikatafuta masomo yenye vyote viwili. Kisha, kwa akili zangu nyingi, nikamwambia Baba kuwa sayansi ni kachumbari tu, ya kumridhisha Bibi. Bibi nikamwambia kachumbari ni uhandisi. Kila mmoja anaamini pilau ni lake. Mpango safi. Ila nikikosa nafasi itabidi nichague kimoja, na mmoja wao nimwambie hapana. Bora nihamie Qurayyat kwa wavuvi, nikauze samaki.

Binamu yangu Manal anasoma uhandisi chuo hicho hicho. Uhandisi mtupu. Ameniuliza, kwa upole wake wa sumu, kama shahada moja iliniogopesha ndiyo nikaitafutia mwenzake.

Jumatatu, 4 Agosti

Ubaya wa usaili ni kwamba unataka mtu aseme. Maisha yangu yote ya shule nimenyoosha mkono kwa nadra, na mara nyingi ilikuwa kuomba kwenda chooni.

Mpango: mazoezi. Nimemwomba Nakimuli, dada wa Kiganda anayefanya kazi kwetu, awe mwalimu wa chuo. Nilidhani atanihurumia. Akavaa miwani ya Baba, akakalia kiti cha Baba, akanirudisha mlangoni tena na tena. "Yalla, toka, uingie upya. Umeingia kama mtu amekuja kuazima chumvi." Akauliza nani atanifulia nguo miaka yote hiyo mitano. Akatangaza nimefeli, akaniambia kwao Masaka hata muuza ndizi anajieleza.

Miwani ilimpendeza. Alipika nayo chakula cha mchana.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango mpya. Sauti imenikauka! Asiye na sauti hasailiwi kwa mdomo, atapewa karatasi. Kuandika naweza. Nimeamka nanong'ona, nimeshika koo kwa huzuni.

Sikumhesabu Bibi. Asali na ndimu. Habasoda. Tangawizi. Kisha akanifunika shuka juu ya sufuria la maji ya moto, kiyoyozi amekizima, Maskati, mwezi wa Agosti. Nilipotolewa chini ya shuka, sauti ilikuwa imekauka kweli.

Baba akapiga simu chuoni. Wamesema mambo ya karatasi hakuna, lakini mzazi anaweza kuja kunisaidia kusema. Baba atakuja. Bibi naye atakuja, maana anasema Baba hajui kuzungumza na watu.

Wote wawili. Chumba kimoja. Kachumbari mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemnong'oneza Bibi kuwa chuo kina ngazi nyingi mno kwa magoti yake. Manal alikuwepo. Akasema kwa furaha kuwa lifti ipo, tena ina kioo. Bibi amefurahi, atapata kujitazama shela.

Sauti haijarudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Bibi haendi kwa watu mikono mitupu. Tumeingia kwenye usaili na chupa ya kahawa, vikombe, na bakuli la halwa lililofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Watahiniwa wengine walikuja na vyeti.

Mbele yetu walikaa Dokta Hadeel wa sayansi na Dokta Khalil wa uhandisi. Dokta Hadeel alipomsikia Bibi akageukia Kiswahili palepale. Mama yake naye wa Unguja. Mji huu mtu hana pa kujificha. Akaniuliza kwa nini nataka vyote viwili. Nikafungua mdomo, ukatoka mlio wa mlango unaotaka mafuta.

Bibi akanisaidia. Akaeleza kuwa roho ya mtoto iko kwenye sayansi, uhandisi ni kachumbari ya kumnyamazisha baba yake. Baba akakohoa. Akasema samahani sana mama, kachumbari ni sayansi. Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi. Mimi nikaitazama halwa.

Dokta Hadeel akawaomba wakapumzike nje na kahawa yao. Halwa akasema ibaki. Mlango ulipofungwa akaniuliza, "Na wewe binti, pilau lako ni lipi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikasimulia kiyoyozi cha chumbani kwa Bibi, kilivyokuwa kikidondosha maji juu ya mto wake. Nilisoma mpaka nikajua maji yale yanatoka kwenye hewa yenyewe, nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha nikapanda ngazi na chupa ya plastiki iliyopasuliwa, nikayatengenezea mfereji, mto ukakauka. Nikasema sitaki kujua tu huku mto umelowa, na sitaki kukausha mto bila kujua. Yote hayo kwa sauti ya mlango.

Dokta Hadeel akafuta halwa vidoleni. "Haya ungewaambia nyumbani, kachumbari ya nini?"

Garini hakuna aliyenigombeza. Baba na Bibi waligombana wao kwa wao mpaka tukapita Qurum, kila mmoja akimwambia mwenzake kuwa anamlazimisha mtoto. Sauti yangu ilikuwa imerudi. Sikuona haja ya kuitumia.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepata! Shahada zote mbili. Nimewaambia Baba na Bibi kuwa zote nazitaka mwenyewe. Wamenikumbatia. Baba ametangazia ofisi nzima kuwa bintiye ni mhandisi. Bibi ametangazia mtaa wetu mzima wa Madinat Sultan Qaboos kuwa mjukuu wake ni mwanasayansi.

Nimeapa. Kuanzia leo ukweli mtupu, na nikilemewa nasema hapana. Nakimuli amenifanyisha mazoezi, miwani ya Baba usoni. Amesema hapana yangu sasa inasikika mpaka jikoni. Mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 31 Agosti

Siku ya kwanza chuoni. Dokta Khalil amenisimamisha ukumbini. Anataka niingie kikundi chake cha kuunda mashine, kila Jumapili saa mbili asubuhi. Baadaye Dokta Hadeel akanishika mkono. Ananitaka maabara kwake, kila Jumapili saa mbili asubuhi.

Nikafungua mdomo niseme hapana. Ikatoka hewala, mara zote mbili, kwa sauti safi kabisa.

Lakini hakijaharibika kitu. Nimemweleza Dokta Khalil kwa siri kuwa maabara ni kachumbari tu, ya kumridhisha Dokta Hadeel. Kesho namweleza Dokta Hadeel kuhusu mashine. Majengo yenyewe yanatazamana, na viatu vya kukimbilia ninavyo.